Bahasha ya Fundi Saa

Hoteli ile ilikuwa na ghorofa tatu, lifti moja yenye kigugumizi, na msimamizi mmoja aliyerudi kutoka semina akiwa na wazo. Wazo la semina ni la kuogopwa kuliko kunguni. Kunguni utawapulizia dawa watakufa, lakini wazo la semina linabandikwa ukutani, linapigwa muhuri, na nyote mnapiga makofi.

Wazo lenyewe lilikuwa hivi. Kila chumba kiwekewe bahasha ndogo nyeupe juu ya meza, imeandikwa "Tuambie kama umeridhika," na mgeni anayeondoka aache humo bakshishi yake, na neno moja mawili kama analo. Anayesafisha chumba siku mgeni anapoondoka ndiye mwenye bahasha. Pesa ni zake, na bahasha inahesabiwa kwa pini kwenye ubao ulioko stoo ya mashuka. Kila baada ya miezi mitatu, mwenye pini chache kuliko wote anaagwa kazini.

"Mgeni hadanganyi," msimamizi aliwaambia wahudumu wa vyumba, akiugonga ubao kwa kalamu. "Akihudumiwa vizuri, mkono unaingia mfukoni wenyewe."

Kuanzia siku hiyo wakamwita Bwana Bahasha, mbali na masikio yake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza jambo ambalo hata mtoto angeliuliza: mgeni akikaa siku tisa, nane akasafishiwa na huyu na ya tisa na yule, bahasha inamsifu nani? Waliulizana wenyewe kwa wenyewe wakati wa chai, kwa sauti ya chini, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Wahudumu wa vyumba walikuwa watano, na watatu ndio wanaotuhusu. Wa kwanza ni Tabasamu, binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye pini zake zilikuwa zinakosa nafasi kwenye ubao. Wa pili ni Kimya, mwanamke mtu mzima aliyekuwepo tangu lifti ikiwa mpya. Huyu hakupenda kuonekana na wageni. Aliingia chumbani mgeni akitoka, akatoka kabla hajarudi, na ushahidi pekee kwamba alipita ni chumba chenyewe. Wa tatu ni huyu tutakayefuatana naye, waliyemwita Chapuchapu kwa wepesi wa mikono yake. Kitanda cha watu wawili angekimaliza wewe bado unatafuta pa kuweka funguo.

Na lieleweke mapema kwamba Chapuchapu hakuwa mtegea kazi. Kazi alifundishwa na Kimya mwenyewe, miaka sita nyuma. "Bafu halimalizwi na dekio, mdogo wangu," Kimya alimwambia siku ya kwanza. "Dekio linaacha maji usiyoyaona. Piga magoti, kausha kwa kitambaa, tandika kizulia, ndipo utoke." Chapuchapu alilishika somo hilo hata nyumbani kwake, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mama yake, na mama yake alikuwa haoni.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama alitembea kwa kupapasa kuta, akimtambua binti yake kwa hatua na kwa harufu ya sabuni ya hotelini. Mwaka uliopita aliteleza bafuni akalala pale chini mpaka Chapuchapu aliporudi kazini jioni. Hakuvunjika, ila tangu hapo hofu ilihamia ndani ya nyumba na haikutafuta tena pa kwenda. Madaktari walisema macho yanaweza kufanyiwa upasuaji, na kadi ya matibabu ya hoteli ingelipa kila kitu, maadamu mwenye kadi yuko kazini. Tarehe ilishapangwa: tarehe tisa. Na siku ya kuhesabu pini ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi, siku tisa kabla.

"Tarehe tisa siyo mbali," mama alikuwa akisema kila jioni, akisugua magoti yake. "Nataka nikuone sura kabla hujazeeka ukanipita."

"Utaniona, mama, mpaka unichoke."

Alisema hivyo akicheka, akijua anaahidi asicho na hakika nacho. Maana ubaoni, wiki tatu kabla ya siku ile, Chapuchapu alikuwa na pini sita. Kimya alikuwa na kumi.

Sita! Kila asubuhi alipita stoo kuchukua mashuka na kila asubuhi alizihesabu, utadhani pini huzaana usiku. Alianza kukosa hamu ya kula. Akiwa anatandika, alijiuliza amekosea wapi. Alirudi kutazama vyumba alivyovimaliza, akanyoosha kilichonyooka, akafuta kilichong'aa, na bahasha zikaendelea kubaki tupu. Mwishowe akameza haya yake akamfuata Tabasamu.

"Siri siyo kitanda, dada," Tabasamu alimwambia, bila hata kuringa. "Siri ni sura. Mgeni anampa pesa mtu anayemkumbuka. Akitoka, uwe kwenye korido. Mshikie begi. Mwambie safari njema, muulize habari za watoto. Atarudi chumbani kuweka kitu, utaona."

"Na chini ya kitanda unapiga deki saa ngapi?"

"Nani anayeinama kutazama chini ya kitanda?"

Chapuchapu alijaribu. Aliona aibu siku ya kwanza, aibu kidogo siku ya pili, na siku ya tatu hakuona kitu. Alisimama kwenye korido na kitambaa mkononi kama mtu anayefuta kitasa, kitasa hichohicho, nusu saa nzima. Alishika mabegi. Alisifia watoto wa watu ambao kwa kweli walikuwa watundu wa kutisha. Muda huo wote uliibwa kwenye vyumba: godoro halikugeuzwa, pazia halikukung'utwa, vumbi chini ya vitanda likaanza kuwa na umri. Na pini zikaja. Nane, kumi, kumi na tatu. Bwana Bahasha alimpongeza mbele ya wenzake kwamba huduma yake imepanda sana, na Chapuchapu akasema asante bosi, akitazama viatu vyake.

Siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, alisimama mbele ya ubao. Tabasamu na wale wawili wengine walishavuka ishirini. Yeye kumi na nne. Kimya kumi na nne.

Akashuka mapokezi kutazama orodha ya wanaoondoka kesho. Ghorofa ya kwanza, ambayo ndiyo yake mwezi ule, haikuwa na hata mmoja. Ghorofa ya pili, ya Kimya, walikuwa wawili: familia ya chumba mia mbili na tatu, na mzee mmoja wa mia mbili na saba. Mzee huyo alikuwa fundi saa, ameitwa kutengeneza ile saa kubwa ya stesheni iliyosimama miaka, na alikuwa amekaa siku tisa. Siku zote hizo Kimya alikuwa amemsafishia.

Alimkuta Kimya akikunja taulo.

"Dada, nakuomba kitu. Kesho tubadilishane ghorofa. Lile kapeti jipya la kwetu, gundi yake inanipasua kichwa."

Kimya alimaliza kukunja taulo, akaliweka juu ya mengine, akalilinganisha pembe. Kisha akamtazama, na Chapuchapu akajikuta anajikuna shingo pasipowasha.

"Sawa, mdogo wangu," Kimya alisema. "Ila mzee wa mia mbili na saba, anakwenda kunywa chai saa mbili, akirudi anaingia bafuni. Miguu yake haina nguvu. Sakafu ikaushe kwa kitambaa, usimwachie dekio peke yake."

"Dada, kwani mimi mgeni kwenye kazi?"

"Nakwambia tu."

Asubuhi ile ya mwisho wa mwezi, Chapuchapu alipanda ghorofa ya pili mapema kuliko kawaida. Mzee alikuwa anafunga mlango, shati limepigwa pasi, kibegi cha vifaa begani hata kwa kwenda kunywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo naondoka. Saa yenu inatembea sasa, mkichelewa kazini msinitafute."

Alicheka mwenyewe na kwenda zake, mkono mmoja ukiteleza juu ya ukuta. Chapuchapu aliutambua ule mkono juu ya ukuta. Aliuona kila siku nyumbani.

Akaingia. Chumba kilikuwa nadhifu kama cha mtu aliyezoea kuhifadhi vitu vidogovidogo visipotee. Na juu ya meza, imeegemezwa kwenye gilasi, ilikuwepo bahasha. Imefungwa. Imenenepa. Utaratibu haukuruhusu kuigusa mpaka mgeni aondoke, lakini kutazama hakukukatazwa, na Chapuchapu aliitazama mpaka akaihesabu. Kumi na tano.

Aliingia bafuni akifanya kazi kwa furaha. Akasugua sinki, akasugua choo, akamwaga maji, akapitisha dekio. Kizulia kilikuwa kimetundikwa, kitambaa kikavu kiko begani. Alikuwa anakunja magoti ainame pale aliposikia korido inalipuka: watoto, mabegi ya magurudumu, mama wa familia ya mia mbili na tatu akimwita mtu arudi kuchukua kofia. Wanaondoka! Saa mbili na robo, wakati waliandikisha saa nne.

Hapo alisimama, na huu ndio muda ambao baadaye aliurudia kichwani mara nyingi kuliko sala zake. Mbele yake sakafu yenye maji. Nyuma yake, mezani, bahasha ambayo tayari imeshajazwa na haitapungua hata akifanya nini. Na nje, bahasha nyingine ambayo bado haijaamua. Je, kama Kimya naye atapata moja huko chini? Mtu anaweza kuongeza siku, mtu anaweza kukatiza safari. Kumi na tano zinaweza zisitoshe. Tarehe tisa. Akajiambia: dakika tano, nitarudi.

Akatoka mbio. Alishika mabegi mawili, akabeba mtoto aliyempiga kofi la sikio, akasema safari njema mara nne, akawashusha kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa katika kigugumizi chake, akawapungia mkono mpaka gari likakata kona. Kisha akapanda tena na kwenda moja kwa moja mia mbili na tatu. Bahasha ilikuwa mezani. Ndani yake mtoto ameweka kijiti cha pipi.

Alikuwa bado ameishika aliposikia kishindo.

Hakikuwa kishindo kikubwa. Kilifuatiwa na sauti ya vitu vidogo vingi vya chuma vikitawanyika juu ya vigae. Chapuchapu alijua kabla hajafika. Mzee alikuwa ameketi chini bafuni, mgongo ukiegemea mlango, bisibisi na koleo ndogondogo zimemzunguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Binti yangu, samahani," mzee alisema, midomo imekuwa myeupe. "Nimekuvurugia bafu lako."

Samahani! Chapuchapu akakimbilia korido akaita watu. Walikuja watu wa mapokezi, ikaja machela, mzee akabebwa huku akiomba vifaa vyake viokotwe vyote, koleo la ncha nyembamba liko chini ya sinki. Wote wakashuka naye. Chapuchapu akabaki peke yake, na hapo alifanya jambo alilojifunza miaka sita iliyopita. Alipiga magoti, akachukua kitambaa kikavu begani, akakausha sakafu yote, kigae kwa kigae, akatandika kizulia.

Bwana Bahasha alipopanda, aliinama akagusa vigae kwa kidole.

"Sakafu ilikuwa kavu?"

"Ilikuwa kavu, bosi."

"Basi ni uzee," Bwana Bahasha alisema, akapangusa kidole.

Saa kumi jioni wahudumu wote watano waliitwa stoo ya mashuka. Bwana Bahasha alikuwa na sanduku la bahasha za siku ile mikononi, na furaha ya mtu ambaye wazo lake limezaa. Alifungua moja baada ya nyingine, akichoma pini. Tabasamu tatu. Mwingine mbili. Ghorofa ya kwanza, hakuna. Chapuchapu alisimama karibu na rafu ya foronya, mikono nyuma. Alikuwa anasali, ila hakujua anaomba nini.

"Na hii, mia mbili na saba," Bwana Bahasha alisema. "Hii ina barua. Sikilizeni, ni darasa hili." Akakohoa, akasoma.

"Kwa mhudumu wangu. Kazi yangu imenilaza hoteli nyingi, na miguu yangu huogopa bafu kuliko barabara. Hapa, kila siku nimekuta sakafu kavu na kizulia kimetandikwa. Hujawahi kuniacha nikuone nikushukuru. Nakushukuru kwa kunijali. Mimi, fundi saa."

Hata Tabasamu aliacha kutabasamu.

"Mnaona?" Bwana Bahasha aliipeperusha ile karatasi. "Mgeni mwenyewe ameandika, sakafu ni kavu kila siku. Hii naiweka kwenye faili, asije mtu akasema hoteli ilizembea. Na ninyi mjifunze. Chapuchapu, hongera." Akachoma pini ya kumi na tano.

Chapuchapu alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, na yalikuwa machache: bahasha hii ni ya Kimya, na sakafu sikuikausha mimi. Yalifika mpaka kwenye meno. Akamwona mama yake amelala bafuni. Akaiona kadi ya matibabu, picha yake pembeni imefifia, na tarehe tisa imezungushiwa duara kwenye kalenda ya jikoni ambayo mama hawezi kuisoma lakini huigusa akipita. Akafunga mdomo. Alimtazama Kimya, akiomba kwa macho kwamba yeye aseme, apige kelele, amtukane, chochote. Kimya alikuwa anatazama pini.

"Dada yetu," Bwana Bahasha alimgeukia Kimya, sauti imelainishwa kwa mafuta ya semina, "umetutumikia sana. Lakini namba ni namba."

Ikawa hivyo. Mwanamke aliyefundisha nusu ya hoteli ile kutandika aliagwa kwa sababu kumi na nne ni ndogo kuliko kumi na tano.

Chapuchapu alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, akikunja sare yake kwa pembe zilezile. Pesa za fundi saa alikuwa nazo mkononi, zimelowa jasho.

"Dada, chukua. Ni zako hizi."

"Weka. Mama yako atahitaji kula vizuri akitoka hospitali."

"Dada, mimi..."

"Kapeti la ghorofa ya kwanza halina gundi, mdogo wangu. Limeshonwa. Nililijua hilo uliponiomba." Kimya aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mwenzake. "Nikasema moyoni, ana mama haoni, mimi wanangu ni wakubwa. Bahasha nikakuachia."

Akachukua furushi dogo la vitambaa vikavu, alivyovikata mwenyewe kutoka mashuka makuukuu, akampa. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ila sakafu. Nilikuomba. Mbona hukuikausha?"

Alisubiri jibu, alisubiri kweli, mkono juu ya kitasa. Chapuchapu alivikunja upya vile vitambaa. Kimya akatikisa kichwa, akaenda.

Tarehe tisa mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, na kesho yake daktari akabandua bandeji. Mama alipepesa, akashika uso wa binti yake kwa mikono miwili, akauvuta karibu.

"Kumbe ndivyo ulivyo siku hizi! Umekonda. Na mvi hizi umezitoa wapi bila kuniambia?" Alicheka mpaka machozi yakatoka, daktari akamkataza kulia. Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, mbona huniangalii?"

"Nakuangalia, mama."

Wakatoka kwenye korido. Mfanyakazi wa usafi alikuwa ametoka kupitisha dekio, ndoo imeegemea ukuta. Aliwaona, akasogea pembeni, akatabasamu kwa meno yote. "Pole mama, hongera mama, Mungu akulinde mama."

"Huyu binti ana roho nzuri," mama alisema, tayari anapekua mfuko wake wa pesa. "Anajua kazi. Mpe hii."

Chapuchapu hakuichukua ile sarafu. Alikuwa anatazama vigae. Mwanga wa dirishani ulikuwa umelala juu yake na kuonyesha maji ambayo dekio huacha, yale usiyoyaona.

"Simama hapo, mama. Usiinue mguu."

Alifungua mkoba, akatoa kitambaa kimoja cha Kimya, akapiga magoti katikati ya korido ya hospitali. Mfanyakazi wa usafi alimwambia aache, dada, patakauka penyewe. Wagonjwa kwenye benchi waligeuza shingo.

"Inuka, mwanangu, watu wanatutazama," mama alinong'ona. "Naona sasa. Napaona mwenyewe pa kukanyaga."

Chapuchapu hakuinuka. Aliendelea kukausha, kigae kwa kigae, mpaka mlangoni.